Usifukie Kabla Hujaisoma Geji: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mabomba ya Kituo cha Mafuta

Mwezi uliopita safu hii ilizungumzia matanki ya kuhifadhia mafuta, na barua zilizotufikia baada ya hapo karibu zote ziliacha habari za tanki zikauliza habari za bomba linalotoka tankini kwenda kwenye pampu. Si ajabu. Tanki huletwa na lori likiwa limekwisha kutengenezwa na kupimwa kiwandani, ilhali bomba huungwa papo hapo mtaroni, kipande kwa kipande, juani na vumbini, na kila kiungo ni mahali ambapo mafuta yanaweza kupata njia ya kutokea. Tumechagua barua nne na kuzifupisha.

Mheshimiwa Mhandisi, shikamoo. Ninajenga kituo kidogo cha mafuta kando ya barabara kuu huku Kibaha, chenye pampu mbili, moja ya petroli na moja ya dizeli. Matanki yameshaingia shimoni. Fundi ananishauri tutumie mabomba ya chuma yenye zinki ya inchi 2, yale ya kukata meno, kwa kuwa yanapatikana dukani na bei yake ni nafuu, kisha tufukie kwa udongo uleule tuliouchimba. Rafiki yangu mwenye sheli anasema siku hizi ni plastiki tu. Nimsikilize nani? — Msomaji, Kibaha

Marahaba, ndugu yangu. Msikilize rafiki yako, ila usimsikilize nusunusu, kwa sababu neno “plastiki” dukani lina maana nyingi, na mojawapo itakutia hasara kubwa kuliko chuma cha fundi wako.

Tuanze na hicho chuma. Zinki hulilinda bomba kwa kukubali kuliwa yenyewe kwanza, na katika udongo mkavu inaweza kufanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini fundi anapokata meno mwishoni mwa bomba, huiondoa zinki yote pale penye kiungo, na pamoja nayo hula chuma chenyewe: jino la bomba la inchi 2 lina kina cha karibu milimita 1.5, wakati ukuta wa bomba la daraja la kati una unene wa milimita 3.6 tu. Kwa hiyo pale ambapo bomba limebaki jembamba kuliko kwingine kote ndipo pia lilipovuliwa nguo, na ndipo unyevu wa ardhi utakapoanzia. Nimewahi kusimama kando ya mtaro bomba la namna hiyo likifukuliwa. Kati ya kiungo na kiungo lilikuwa bado la kijivu safi, na kwenye meno lilikatika kwa mkono kama biskuti. Wamarekani walilijua hili kwa gharama kubwa: baada ya chuma tupu kuoza chini ya vituo vingi nchini mwao, Bunge lao lilitunga sheria mwaka 1984, kanuni zikatoka mwaka 1988, na wenye vituo wakapewa hadi tarehe 22 Desemba 1998 ama wavilinde vyuma vyao dhidi ya kutu, ama wavibadilishe, ama wafunge.

Sasa plastiki. Bomba jeusi la maji lenye mstari wa buluu halifai kwa petroli, hata likiwa nene namna gani, kwa kuwa petroli hulilainisha na mvuke wake hupenya kwenye ukuta wake polepole bila ya kuwapo tundu lolote. Bomba la mafuta lina tabaka la ndani lililowekwa mahususi kuuzuia mvuke huo. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake: utakuta kiwango lilichotengenezwa nacho, kwa kawaida EN 14125 cha Ulaya au UL 971 cha Marekani Kaskazini. Lisilo na maandishi hayo lirudishe dukani. Na kama mfuko unaruhusu, nunua la kuta mbili, yaani bomba ndani ya bomba, ambalo likivuja la ndani, mafuta hushikwa na la nje na kuteremka hadi kwenye chemba, unakoweza kuyaona kwa macho kabla hayajaonja udongo.

Mabomba hayo hayagundishwi kwa gundi wala kufungwa kwa meno. Huungwa kwa kiungo chenye waya ndani yake, ambao mashine huupitishia umeme ukayeyusha plastiki ya pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Mashine yenyewe haikosei mara nyingi. Anayekosea ni aliyeandaa bomba. Ncha ikatwe kwa mraba, kisha ikwanguliwe pande zote kwa kikwanguo mpaka ngozi ya juu itoke kama nyuzi ndefu, maana ngozi hiyo imeshachomwa na hewa na jua na haishikani na kitu. Baada ya hapo ifutwe kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha manyoya, na kuanzia hapo isiguswe kwa kidole. Fundi apige alama ya kalamu kuonyesha bomba litaingia kiasi gani kwenye kiungo, alibane kwa vibano lisitikisike, ndipo awashe. Muda wa kupoa umeandikwa kwenye kiungo chenyewe, na vibano visiguswe hadi muda huo uishe. Ukimwona fundi anafuta bomba kwa shati lake na kufungua vibano akiwa anazungumza na simu, simamisha kazi, ukate kiungo hicho, aanze upya. Kiungo kilichoharibika hakipashwi moto mara ya pili.

Mtaro nao una kanuni zake. Bomba literemke kuelekea tankini kwa angalau sentimita 1 katika kila mita, hivi kwamba kama pampu iko mita 20 kutoka tankini, upande wa pampu uwe juu kwa sentimita 20 au zaidi. Pima maji fupi la mwashi halitoshi kwa umbali huo. Tumia kamba na mpira wenye maji, kama wanavyofanya wajenzi wa msingi. La muhimu zaidi ni kwamba bomba lisifanye tumbo katikati. Hilo ni baya hasa kwenye bomba la kupumulia tanki, lile linalosimama wima kwenye kona ya kiwanja, kwa sababu mafuta yakituama tumboni huziba njia ya hewa, na lori likianza kushusha mzigo tanki hukosa pa kutolea pumzi.

Udongo uliouchimba usiurudishe mtaroni. Una mawe na mizizi, na jiwe moja lenye ncha, likikandamizwa kwa miaka kadhaa na uzito wa malori, hutoboa bomba zuri kabisa. Tandika sentimita 15 za mchanga safi wa mtoni, laza bomba juu yake, kisha lizungushie na kulifunika kwa mchanga huohuo, na kutoka mgongo wa bomba hadi uso wa kiwanja kusiwe chini ya sentimita 45. Nasema wa mtoni kwa sababu mchanga wa baharini, ambao huku Pwani hupatikana kwa urahisi, una chumvi, na ingawa chumvi haili plastiki, italila kila bati, skrubu na kiungo cha chuma kilichomo njiani. Juu ya mchanga tandaza utepe wa tahadhari, ili atakayechimba miaka kumi baadaye aukute kabla ya kulikuta bomba.

Sasa nakuomba usome kwa utulivu, kwa kuwa hapa ndipo wenye vituo wengi hudhulumiwa bila kujua. Mtaro usifukiwe hata koleo moja juu ya viungo kabla ya jaribio la shinikizo, na jaribio hilo lifanyike wewe ukiwapo. Bomba jipya, lisilowahi kupita mafuta, hutenganishwa na tanki na kuzibwa ncha zote, kisha hujazwa hewa hadi baa 3.5 hivi au mara moja na nusu ya shinikizo litakalofanyia kazi, ile iliyo kubwa, na huachwa kwa saa nzima huku kila kiungo kikipakwa maji ya sabuni. Kutenganisha na tanki si urembo: tanki halikuundwa kubeba shinikizo kama hilo na linaweza kupasuka. Bomba la nje, kama umenunua la kuta mbili, hupimwa kwa shinikizo dogo zaidi, karibu baa 0.3. Watu wasisimame mtaroni wakati wa kujaza. Na bomba lililokwisha kupita petroli lisijazwe hewa kamwe, bali naitrojeni, kwa kuwa hewa iliyochanganyika na mvuke ndani ya bomba ni baruti.

Tena mshale wa geji unaweza kusema uongo. Ukijaza bomba asubuhi likiwa na joto la nyuzi 27, halafu jua likalipandisha hadi nyuzi 37, geji itapanda kwa karibu baa 0.15 bila mtu kuongeza pumzi yoyote, na upandaji huo unaweza kufunika kabisa uvujaji mdogo. Mshale uliotulia palepale adhuhuri si lazima uwe habari njema. Fanya jaribio alfajiri au jioni, funika kwa mchanga sehemu za bomba zilizo kati ya viungo ukiacha viungo wazi, na andika joto pamoja na shinikizo kila baada ya dakika 15. Baada ya hapo piga picha za mtaro mzima ukiweka futi ya kupimia ndani ya picha, chora ramani ya mahali bomba linapopita, ndipo uruhusu wafukie.

Umetaja kwamba matanki yameshaingia shimoni, lakini hukutaja kibali. Kibali cha ujenzi cha EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na cheti cha mazingira kinachopitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, hutangulia jembe la kwanza. Kama huna, simamisha kazi leo uende ukaviombe, kwa sababu gharama ya kusubiri ni ndogo kuliko ya kufukua.

Ndugu Mhandisi, kituo chetu hapa Tanga kinauza petroli lita 4,000 hivi kwa siku. Tangu tuache pampu za kuvuta na kufunga pampu inayozama tankini, kila siku hesabu inapungua lita 30. Aliyefunga anasema ni mvuke tu na kwamba kuna kifaa cha kutambua uvujaji ambacho hakijalia. Je, ni kweli? — Meneja wa kituo, Tanga

Mvuke unapotea, ndiyo, lakini usikubali jibu hilo kwa urahisi. Kwanza uelewe kilichobadilika. Pampu ya kuvuta hufanya kazi kama mtu anayekunywa soda kwa mrija: mrija ukitoboka anavuta hewa, soda haipandi, na hakuna kinachomwagika. Kama vali ya kuzuia kurudi iko chini ya pampu na si chini ndani ya tanki, mafuta yaliyomo kwenye bomba lililotoboka hurejea yenyewe tankini. Pampu ya kuzama husukuma, kwa shinikizo la karibu baa 2, na bomba lake likitoboka hufanya kama mpira wa bustani. Bomba ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na kiungo kilicholegea bila madhara linaweza kuanza kumwaga siku ileile ulipobadilisha pampu. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa aliyefunga ni kama alilipima bomba la zamani kwa shinikizo kabla ya kulitwisha kazi mpya.

Kuhusu kifaa kutolia: vitambuzi vya kimitambo vinavyotumika sana vimeundwa kugundua uvujaji wa lita 11 hivi kwa saa. Lita 30 kwa siku, hata zikivuja saa 16 tu ambazo pampu inafanya kazi, hazifiki lita 2 kwa saa. Kifaa kinaweza kuwa kizima kabisa na kikanyamaza.

Lakini pia usikimbilie kuchimba. Chukua chombo cha kupimia cha lita 20 kilichothibitishwa na Wakala wa Vipimo, ujaze kutoka kila pampu. Pampu inayotoa mililita 150 za ziada katika kila lita 20 inampa mteja zawadi ya asilimia 0.75, na asilimia 0.75 ya lita 4,000 ni lita 30 kamili. Vilevile uangalie joto la mafuta wakati wa kupokea. Petroli husinyaa kwa takriban sehemu 1 ya 1,000 kwa kila nyuzi moja inayoshuka, hivyo lita 10,000 zilizofika zikiwa zimechemka kwenye lori na kupoa nyuzi 10 tankini huwa zimepungua lita 95 hivi bila tone kumwagika.

Njia ya kutenganisha wezi hawa ni kuwauliza wanakula saa ngapi. Funga kituo usiku mmoja, zima umeme wa pampu ya kuzama, pima tanki kwa fito usiku na tena alfajiri, ukiipaka fito dawa ya kuonyesha mafuta. Yakipungua pampu ikiwa imezimwa, shaka iko kwenye tanki, au kwa mlinzi. Usiku wa pili acha pampu iwe imewaka na bomba likiwa na shinikizo, bila kuuza, mtu mmoja akikesha karibu na swichi: yakipungua usiku huu na si ule wa kwanza, ni bomba. Yasipopungua usiku wowote, bali yakapungua zaidi siku za mauzo makubwa, rudi kwenye kipimo cha pampu. Matone nayo usiyadharau katika hesabu hizi. Kiungo kinachodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 4 kwa siku, yaani lita 1,500 na ushee kwa mwaka, na kiasi hicho cha kila siku fito haikioni.

Fungua pia chemba za chini ya pampu. Ukikuta mafuta humo, au mchanga unaonuka, huhitaji usiku wa pili. Asiingie mtu kichwa chini humo bila hewa kupimwa: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa kwa mara 3 hadi 4 na hutuama chembani kama maji kisimani.

Je, nyaya za umeme za pampu zinaweza kulazwa katika mtaro mmoja na bomba la mafuta ili kupunguza gharama ya kuchimba? — Fundi umeme, Mwanza

Hapana, zichimbie mtaro wake. Ila wewe kama fundi umeme nakuongezea ambalo hukuliuliza, nalo husahauliwa zaidi: bomba la kupitishia nyaya linatoka chini ya pampu, penye mvuke, na kuishia ofisini kwenye swichi, penye cheche. Lisipozibwa kwa kizibo maalumu cha kuzuia mvuke katika ncha zote mbili, umejenga njia ya chini kwa chini ya kupeleka petroli kwenye moto. Povu la kuzibia milango si kizibo hicho. Vilevile viungo vyote vya chuma vilivyomo chembani viunganishwe na waya wa ethi, kwa kuwa mafuta yanayokimbia ndani ya plastiki huzalisha umeme tuli, na plastiki haina pa kuupeleka.

Ndugu Mhariri, nyumba yetu iko Kigamboni, mita 60 hivi kutoka kituo cha mafuta. Tangu masika maji ya kisima chetu yananuka petroli asubuhi. Mwenye kituo anasema tuyachemshe tu. Tufanye nini? — Mama wa familia, Kigamboni

Pole sana, mama. Msiyachemshe. Kuchemsha maji yenye petroli jikoni ni kuujaza mvuke nyumbani penye moto, na huenda huyo aliyewashauri hakulifikiria. Acheni leo kuyanywa, kuyapikia na kuyaogea. Msiwashe pampu ya umeme iliyo kisimani wala kuchungulia na kibatari au sigara. Funikeni kisima na muwazuie watoto. Harufu ikiwa kali au ikiingia ndani ya nyumba, tokeni na mpige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kwa nini imeanza masika? Kigamboni ni mchanga, na maji ya ardhini hayako mbali. Petroli iliyovuja huteremka mchangani hadi ikutane na maji, ikaelea juu yake, na mvua inapoyapandisha maji hayo huibeba na kuisukuma kule yanakoelekea. Uvujaji wenyewe unaweza kuwa ulianza miezi mingi kabla ya pua zenu kuujua. Hiyo pia ndiyo sababu harufu inaweza kupungua kiangazi bila chochote kutengenezwa, kwa hiyo msiache kufuatilia ikipungua.

Kinachotia wasiwasi kuliko harufu ni benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli, ambayo husababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Lita moja ya petroli ambayo asilimia 1 yake ni benzini ina kiasi cha kutosha kuyavusha kiwango hicho maji ya zaidi ya lita 800,000. Maji yanaweza kuonekana meupe kama ya chupa na yasifae.

Andikeni barua kwa EWURA na NEMC, nakala kwa ofisi ya serikali ya mtaa, mkitaja tarehe mlizosikia harufu na kama ilikuwa baada ya mvua. Ombeni kituo kiamriwe kupima matanki na mabomba yake, na majibu ya vipimo myapate kwa maandishi. Waulizeni majirani wenye visima walio upande wa pili wa kituo: kama kwao hakunuki, mtakuwa mmesaidia kuonyesha maji yanaelekea wapi.

Sampuli ya maji ipelekwe maabara, kwa mfano ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na namna ya kuichukua ina uzito wake, kwa kuwa benzini huruka upesi. Tumieni chupa safi ya kioo, si ya plastiki. Ombeni maabara iwape yao kama inawezekana. Ijazeni taratibu bila kuchapusha maji, mpaka yafurike mdomoni, kisha mfunge kifuniko pasibaki hata povu moja la hewa ndani. Iwekeni kwenye barafu mbali na jua na muifikishe siku hiyohiyo. Chukueni chupa mbili kwa wakati mmoja, na ya pili mwachieni mwenyekiti wa mtaa aiandike tarehe, saa na sahihi yake.